Fagio Arobaini na Moja

Asubuhi niliyoondoka Misungwi sikuwa na safari. Niliamka, nikanawa uso, nikaona lori la viazi vitamu limesimama ng'ambo ya barabara limeelekea Mwanza, nikamuuliza dereva kama ana nafasi. Akaniuliza naenda wapi. Nikamjibu, "Unakoenda wewe." Akacheka, akasema kwa majibu ya namna hiyo nitafika mbali au nitafika jela, nikapanda juu ya magunia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili, kwa sababu kila mwalimu aliponieleza jambo nilitaka kwenda kuliona, na darasa lilikuwa na mlango. Tangu hapo nilikuwa nimesaidia mafundi ujenzi Geita, nimechunga ng'ombe wa watu Magu, nimeshona viatu Shinyanga, na kote huko sikuwahi kukaa mpaka nione mwisho wa kitu chochote nilichokianza.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita tulimuaga Mzee Kaijage. Mwili ulisafirishwa kwenda kuzikwa kwao Muleba, na sisi ambao hatukuweza kuvuka tuliishia kwenye ibada nyumbani kwake Mwanza, tumekaa kwenye viti vya kukodi, uwanja umefagiliwa vizuri tangu alfajiri. Kando yangu alikaa Pendo, muuza samaki wa zamani, sasa ana wajukuu na nywele nyeupe. Mchungaji alikuwa anasoma. Pendo akaninong'oneza, "Masalu, umeuangalia ufagio waliofagilia?" Nikamwambia, "Nimeuangalia kabla sijakaa. Ni wa chelewa." Akaanza kutikisika mabega, nami nikashindwa kujizuia, tukacheka kwa kuficha nyuso kwenye leso mpaka wafiwa wakadhani tunalia kuliko wote. Ili ieleweke kwa nini watu wazima wawili walicheka msibani, ni lazima niueleze mwaka ule.

Lile lori liliniacha sokoni. Nikatembea bila kuuliza njia, nikifuata ziwa upande wa Ilemela, kwa kuwa ukiwa na maji upande wako wa kushoto huwezi kupotea sana. Mchana ule nikafika kwenye kiwanja cha wazi kilichobanwa kati ya ziwa na mawe makubwa, na pale nikaona kitu kilichonisimamisha: watu kama kumi na watano wamepanga mstari mmoja, wameinama, wanang'oa majani kwa kufuata mwimbo wa mwanamke mmoja, hatua kwa hatua, kama vikundi vya kulima vya kwetu. Lakini pale hapakuwa na shamba. Na wote walikuwa wamevaa soksi mikononi. Soksi kuukuu, za shule, za mpira, nyingine zimetoboka vidole. Nikasimama mpaka mwimbo ukaisha, nikauliza, "Samahani, mnatafuta nini?"

"Tunakutafuta wewe," alijibu mwanamke aliyekuwa karibu. Huyo ndiye Pendo. "Tumekuja na soksi zako."

Walicheka wote isipokuwa mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya pama na shati lililopigwa pasi. Nikamwamkia, "Shikamoo." "Marahaba, kijana," akasema, na kwa kuwa nilikuwa nimeuliza, akanijibu kwa kirefu, jambo ambalo watu wengi hawakuwahi kunifanyia. Alikuwa bwana shamba mstaafu. Mmea ule, alisema, unaitwa gugu karoti, kwa sababu majani yake yanafanana na ya karoti. Si wa nchi hii. Pengine ulikuja na matairi ya malori, pengine na magunia ya nafaka, hakuna aliyeuona ukishuka. Unaua majani mengine, ng'ombe akiula maziwa yanakuwa machungu, na mtu akiushikashika ngozi inawasha na kifua kinabana. Kisha akanionyesha kwa mkono kiwanja chote. Serikali ya mtaa ilikuwa imewapa wakazi muda mpaka mwisho wa mwaka. Wakikisafisha kitabaki kuwa bustani ya watu wote. Wakishindwa, kuna mtu amekwisha kukiomba ajenge ghala. "Hapa ndipo mahali pekee upande huu ambapo mtoto anaweza kukimbia bila kukanyaga kizingiti cha mtu," alisema. "Mimi nimesema mbele ya mkutano kwamba tutaweza. Sasa natembea na maneno yangu."

Nikaweka begi chini, nikaanza kung'oa kwa mikono mitupu. Mpaka jioni wenzangu wanajikuna, mimi sina hata kipele. Pendo akanishika mkono akaugeuza huku na huku kama anakagua sangara. "Huyu si mtu," akatangaza. "Ngozi ya mamba. Mzee Kaijage, umeletewa mashine." Kwa ajili ya ngozi hiyo nikapata kazi. Kila Jumamosi wenzangu waling'oa wakaenda zao, na mimi nilibaki katikati ya wiki kukusanya marundo, kuyakausha na kuyachoma shimoni. "Yote," alisema Mzee Kaijage. "Mabichi, makavu, mashina, maua. Choma yote."

Aliyekuwa akiongoza mwimbo alikuwa Mayu Minza, yaani Mama Minza, mjane wa Kisukuma aliyeuza uji wa ulezi asubuhi pembeni ya kiwanja. Ndiye aliyenipa chumba. Nyumba yake ilikuwa juu kwenye mawe, na chumba changu kilikuwa na kuta tatu tu za tofali. Ukuta wa nne ulikuwa jiwe lenyewe, kubwa kuliko nyumba, limeingia ndani kama mgeni asiyeondoka. Mchana kutwa lilikunywa jua, na usiku lilinirudishia joto mgongoni. Niliwahi kulala vyumba vingi, lakini hicho ndicho cha kwanza nilichotaka kukijua. Nilichunguza mistari ya jiwe, nilijua panapopita mchwa na panapotoka jasho mvua ikikaribia. Kwa dirisha la upande wa jikoni nilisikia mazungumzo yote. Jioni tulikula matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na karanga, au ugali na dagaa, na Mzee Kaijage akija alikuja na mkungu wake wa ndizi kwenye baiskeli, maana alisema hawezi kujadili jambo la maana akiwa amekula ugali.

"Waitu, Minza, hiki chakula kinamjaza mtu, hakimshibishi."

"Sasa nyie Wahaya mlioshiba, mbona mmekuja kuomba nguvu za Wasukuma kung'oa majani?"

"Nguvu nimeomba. Chakula nimekuja nacho."

Halafu alimenya ndizi mwenyewe, jambo lililomfanya Mayu Minza acheke mpaka akohoe, kwa vile hakuwa amewahi kumwona mzee wa heshima zake akishika kisu cha jikoni. Nilijifunza mengi kwa dirisha lile. Nilijua kuwa mzee hakulala vizuri kwa kukifikiria kiwanja. Nilijua pia kuwa Mayu Minza alikuwa na jambo moja asilolifanyia mzaha, nalo ni uwanja kufagiliwa. Alifagia kwake kabla jua halijachomoza, kisha akashuka kufagia sehemu aliyouzia uji na njia zote za kiwanja, ili wateja na watu wa Jumamosi wakute mistari ya ufagio mchangani, ile mistari ya nusu duara inayofuatana. Aliniambia mgeni akikuta mistari hiyo haijakanyagwa anajua kuwa amesubiriwa.

Ufagio wake ulikuwa umebaki kishungi. Nami nilikuwa na marundo ya gugu karoti yaliyokauka, yenye mashina marefu, membamba, magumu, yenye matawi juu kama yameumbwa kwa kazi hiyo. Nikaona ni dhambi kuyachoma yote. Nikachagua mazuri, nikayapigapiga kwenye jiwe maua yadondoke, nikayafunga kwa kamba ya katani. Ufagio ukatoka mzuri kuliko wa dukani. Mayu Minza aliujaribu, akanitazama, akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, una mikono." Sikuwa nimezoea kusifiwa, kwa hiyo nikatengeneza mwingine, na mwingine. Nilimpa Pendo wa kibandani kwake. Nilimpelekea mke wa Mzee Kaijage, akashukuru, na mzee mwenyewe akaupima mkononi akasema nimebuni jambo. Hakuniuliza ni mti gani na mimi sikumwambia. Watu wakaanza kuagiza. Nyingine Mayu Minza alibadilishana kwa machungwa na mama mmoja aliyekuja na meli kutoka Ukerewe, tukala machungwa majuma mawili. Nilizihesabu kwa kuchora alama kwenye jiwe la chumbani: arobaini na moja. Sikuwahi kutengeneza kitu kikatakiwa mara arobaini na moja.

Kufikia mwanzo wa vuli kiwanja kilikuwa cheupe. Mzee Kaijage alitembea mle ndani mikono nyuma, kama mwalimu mkuu siku ya kufunga shule. Mvua zikaja. Baada ya wiki mbili hivi nilipanda asubuhi juu ya jiwe lililokitazama kiwanja, kwa ajili tu ya kuona ziwa likiwa safi baada ya mvua. Nikatazama chini, nikaona kiwanja kimechorwa. Kulikuwa na mistari ya kijani, ya nusu duara, mmoja ukifuatwa na mwingine kama magamba ya samaki, kutoka kwenye meza ya uji mpaka ufukweni, na pengine pote palikuwa na mchanga tu. Nakiri kwamba niliona ni kitu kizuri. Nilikaa pale nikijiuliza mmea gani unaota kwa mstari wa duara bila kupandwa. Nikashuka, nikapiga magoti. Yalikuwa majani madogo madogo ya karoti. Na nyuma yangu nikasikia fya, fya, fya: Mayu Minza anafagia, anasogea hatua moja, anafagia, na kila mkono wake ulipopita uliacha nusu duara.

Hakuna aliyenieleza, macho yalitosha. Nikamwomba ule ufagio, nikaupiga juu ya ungo wake. Ukadondosha vumbi jeusi, chembe ndogo kuliko za ulezi. "Uchafu tu huo," alisema akijikuna kifundo cha mkono. Nikakumbuka kwamba alikuwa anakohoa tangu mwezi wa tisa na sote tulisema ni moshi wa kuni.

Siku ile nilifunga begi. Hilo ndilo nililolijua kufanya. Kila mahali pengine lilitosha. Lakini kabla ya kulifunga nilikuwa nimetia zile chembe kwenye kopo la siagi lenye udongo, nikalimwagilia maji, nikaliweka dirishani. Watu wakinisifu leo kwamba nilibaki kwa sababu ya uadilifu, nawakatalia. Sikuwa na hakika kama ni mbegu au ni vumbi, na sikuweza kuondoka bila kujua. Nikalala karibu na begi lililofungwa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilimdanganya Mayu Minza kwamba naumwa tumbo. Jiwe lilikuwa na joto lake lile lile. Siku ya sita asubuhi udongo ulipasuka, na mle ndani vikatokeza vijani viwili viwili, vingi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Kuondoka ningeweza hata hapo. Ila sasa nilikuwa najua jambo ambalo Mzee Kaijage hakulijua, na kwangu mimi hilo lilikuwa gumu kubeba kuliko aibu.

Nilimkuta barazani kwake anakunywa kahawa. Nikaamkia, nikaweka kopo mezani. Akalitazama muda mrefu.

"Haya umeyatoa wapi?"

"Kwenye ufagio, mzee. Zote nilizitengeneza kwa gugu. Nilidhani nimezikung'uta."

"Nilikwambia choma yote."

"Ulinambia."

Hakupandisha sauti. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na ule ufagio niliompa mkewe, akaushika mbali na mwili kama mtu aliyebeba nyoka. Akaulaza karibu na kopo. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea: "Ulimwagilia maji kiasi gani?" Nikamwambia kikombe kimoja cha chai kila asubuhi. Akatikisa kichwa. "Miaka yote niliyokuwa kazini," alisema, "wakulima walinificha makosa yao mpaka nayakuta yamezaa. Hakuna aliyeniletea la kwake likiwa kwenye kopo." Halafu akaangalia upande wa ziwa. "Lakini kiwanja kinaweza kutuponyoka, kijana. Hilo ulijue pia."

Wajumbe wa mtaa walikuwa wanakuja Jumamosi iliyofuata. Pendo alitaka tung'oe yote usiku wa kuamkia siku hiyo, tumwage mchanga juu, tunyamaze. "Watakuja na viatu vyao vya ofisini, wataangalia dakika tano. Nani atajua?" Mayu Minza, tangu nimweleze, alikuwa ameketi na mikono mapajani, maana yeye ndiye aliyefagia. Nilimwambia kosa ni langu. Akanijibu, "Ufagio ni wako. Asubuhi zote zile zilikuwa zangu." Mzee Kaijage alisikiliza wote, akasema tutang'oa kiwanja chote isipokuwa upande wa meza ya uji. Ule ungebaki ulivyo.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja na karani na wajumbe wawili. Mzee hakuwapitisha chini. Aliwapandisha juu ya jiwe, wakahema, akawaonyesha. Kutoka kule juu yale magamba ya kijani yalionekana wazi. "Kile mnachokiona tumekipanda wenyewe," alisema, "kwa kufagia." Akaeleza yote bila kunitaja jina, lakini nilikuwa nimesimama pale na kopo mkononi, na hakuna aliyehitaji kuuliza. "Sasa tunajua kinavyotembea. Mtu atakayejenga ghala hapa hatajua, na gugu litaota kwenye kila nyumba ya mtaa huu. Tupeni mpaka mwisho wa masika."

Mwenyekiti aliinama kuitazama ile mistari. Halafu akamgeukia karani wake. "Ule ufagio mpya wa pale ofisini, umenunuliwa wapi?" Karani, aliyekuwa akijikuna viganja tangu wapande, akauficha mkono mfukoni. Pendo ndiye aliyeanza kucheka. Mwenyekiti akajikaza, akashindwa, akacheka mpaka akakaa juu ya jiwe na suruali yake safi. Alipopata pumzi akasema tutapewa mpaka mwisho wa masika, lakini kwa sharti moja. "Hizo fagio zirudi. Zote. Zipo ngapi?"

"Arobaini na moja," nikasema.

"Basi nikija masika nataka kuambiwa zimechomwa arobaini na moja."

Kiwanja kipo. Nimepita pale siku ya kumuaga mzee, watoto walikuwa wanacheza mpira na mama mmoja anauza mihogo ya kukaanga pale ilipokuwa meza ya uji. Gugu karoti pia lipo, hapa na pale, na mpaka leo kuna watu wanaovaa soksi mikononi Jumamosi. Mambo ya namna hii hayana siku ya kuisha. Ila mwaka ule sikuwa najua kama kitabaki. Nilichojua ni hesabu. Nilizunguka mlango kwa mlango Ilemela na Nyamagana, nikiomba ufagio kwa mtu aliyeufurahia, nikimpa wa chelewa badala yake, nikieleza upya, nikitukanwa, nikikaribishwa chai. Mtu mmoja alikataa mpaka nikamfanyia jaribio la ungo mbele ya watoto wake. Nilichoma ishirini na tisa, na kila mmoja nikaufuta kwenye jiwe la chumbani. Zikabaki alama kumi na mbili, na hizo zilikuwa za machungwa.

Mayu Minza hakulijua jina la yule mama. Alijua tu kwamba anatoka Nansio na anacheka kwa sauti kubwa. Akanifungia matobolwa, na mzee akanipa kofia yake ya pama, akisema kule kisiwani jua linarudi mara ya pili kutoka majini. Nikapanda meli mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimepumzika. Ilikuwa safari ya kwanza maishani mwangu ambayo mtu angeniuliza naenda wapi ningemjibu. Hakuna aliyeuliza. Nikakaa juu, nikatazama mawe ya Mwanza yakipungua, nikijiuliza kama mbegu ya gugu inaweza kuota kwenye mchanga wa kisiwa, na kama imeota, ni ndefu kiasi gani sasa.

Nansio ilikuwa na vumbi jekundu na baiskeli nyingi. Nilitembea kutoka gatini nikiuliza mahali pa kulala pasipo na gharama, nikaelekezwa nyumba yenye vyumba vinne nyuma ya soko. Jua lilikuwa bado halijazama. Uwanjani mama mnene mwenye kitenge cha kijani alikuwa anafagia akijiandaa kwa jioni, na mistari ya nusu duara ilikuwa imefika karibu na miguu yangu. Nikasimama nisiikanyage. Pembeni ya ukuta, kwa mstari ule ule wa duara, kulikuwa na mimea iliyofika magotini, yenye majani kama ya karoti, na juu imeanza kuchanua vimaua vyeupe.

"Karibu, baba. Unaangalia maua yangu?" alisema, akacheka kicheko kilichofika sokoni. "Yameota yenyewe, sijapanda. Unataka chumba?"

"Nataka, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Siku ngapi?"

Nikahesabu kichwani: fagio kumi na mbili, na masika miezi miwili mbele. "Sijui," nikamwambia. "Mpaka nimalize."

Akafungua kibindo cha kitenge, akanipa ufunguo kwa mkono mmoja. Mkono wa pili bado ulikuwa umeshika ufagio, kamba yake ya katani nimeifunga mwenyewe. Nikapokea ufunguo, nikaweka begi chini, nikamwomba na ufagio.